Fundi wa kuchomelea ana kazi gani angani?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, naishi Ngamiani, Tanga. Naandika hadithi ya kisayansi kuhusu mafundi sita wa Kitanga walioajiriwa kwa mkataba wa miaka miwili kwenye kituo cha anga, mwaka 2090. Nimekutumia kurasa arobaini za mwanzo. Mna mapenzi, mna vita na maroboti, mna mlipuko, lakini nikiisoma mwenyewe naona imepoa. Rafiki yangu aliyesoma chuo anasema sayansi haitoshi. Wengine wananicheka, Mtanga na anga wapi na wapi. Naomba uniambie ukweli: fundi kama mimi ana kazi gani huko, au kila kitu kitafanywa na mashine?"

Marahaba, fundi. Kurasa zako nimezisoma zote, na zile za bandarini nimezirudia kwa raha. Unajua kusikiliza watu wanavyozungumza. Ukweli ulioomba ni huu.

Pengo lipo, ila rafiki yako amelitafuta pasipo. Mafundi wako sita wamepanda roketi, wamependana, wamepigana na maroboti, wamemzika mwenzao, na katika kurasa zote arobaini hakuna aliyefungua hata nati moja. Nilikuwa nikisubiri mtu anayeshika moto kila siku aniambie chuma kinafanya nini pasipo na hewa, na mkono wa fundi unachokaje pasipo na uzito. Hayo unayajua kuliko waandishi wengi wa hadithi za namna hii, nawe umeyaacha karakana.

Anza na kazi yako yenyewe, maana tayari imekwisha kufanyika huko. Tarehe 16 Oktoba 1969, ndani ya chombo cha Kisovieti Soyuz 6, Georgy Shonin na Valery Kubasov walijifungia katika chumba cha kurudia duniani, wakatoa hewa yote kwenye chumba cha pili, wakaiwasha mashine ya kuchomelea iliyokuwa humo. Walijaribu njia tatu, na mojawapo nusura itoboe ukuta wa chumba. Miaka 15 baadaye, tarehe 25 Julai 1984, Svetlana Savitskaya alitoka nje ya kituo cha Salyut 7. Alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kutoka nje ya chombo angani, na alichotoka kufanya ni kazi yako: kukata, kuunga, kulehemu na kupaka metali. Kifaa cha mkono alichotumia kiliundwa na taasisi ya uchomeleaji ya Paton, Kyiv. Yeye na Vladimir Dzhanibekov, wakipokezana, walikaa nje zaidi ya saa tatu na nusu.

Kifaa kile kilikuwa cha mwale wa elektroni, na sababu yake utaielewa haraka kuliko mimi. Hapa chini unapambana na hewa. Oksijeni inakimbilia chuma kilichoyeyuka, ndiyo maana elektrodi yako ina ganda linalotoa moshi wa kukinga, au unafungulia gesi. Kule hakuna hewa ya kufukuza, hivyo kiungo kinabaki safi. Lakini arki, ule moto wa umeme unaoyeyusha chuma, nayo huhitaji gesi ya kuwakia, na penye utupu huhangaika, haishiki. Mwale wa elektroni wenyewe unataka utupu. Halafu kuna joto. Hapa upepo wa baharini unakusaidia kupoza kipande bila hata kuuomba. Kule hakuna upepo, joto hutoka kwa kupitia chuma chenyewe au kwa kuangaza tu, kwa hiyo kipande kinabaki cha hatari muda mrefu baada ya wekundu kuisha. Tone la chuma kilichoyeyuka likichomoka haliangukii sakafuni. Linakwenda mstari mmoja hadi likutane na kitu, na kitu hicho huenda ni suti ya fundi, suti ambayo ndani yake mna oksijeni tupu. Mtu amevaa oksijeni na ameshika moto. Hapo tayari una sura nzima, na hujahitaji roboti hata moja.

Na sauti je? Fundi mzuri huisikiliza arki. Kwa mlio wake anajua kama mkono umesogea mbali mno au mwendo umezidi. Kule nje sauti haisafiri. Mhusika wako atasikia feni ya suti yake, pumzi yake na mtu wa redioni, basi. Mpe wiki za kwanza za kuutafuta mlio ule na kuukosa. Hilo hakuna mhandisi atakayeliandika, maana hajawahi kuutegemea.

Sasa mwili. Hapa ukikaza nati, miguu inasukuma ardhi bila wewe kufikiri, na uzito wako unafanya nusu ya kazi ya spana. Angani nusu hiyo haipo. Zungusha spana, nati isipokubali anayezunguka ni wewe. Umewahi kusimama kwenye ngalawa ukajaribu kulisukuma tishali lililotia nanga? Tishali halitikisiki, unaondoka wewe na ngalawa yako. Wamarekani walilijua hili kwa taabu. Juni 1966 Eugene Cernan alitoka nje ya Gemini 9 kufanya kazi ambayo kwenye karatasi ilionekana nyepesi. Hakuwa na pa kutosha pa kuweka miguu wala pa kushika. Kila alipogusa kitu mwili ulimgeuka, akapigana na suti yake mwenyewe, jasho likamzidi, kioo cha kofia kikajaa ukungu akawa haoni mbele, na mapigo ya moyo yakapanda hadi madaktari waliokuwa wakimfuatilia kutoka duniani wakaingiwa na hofu. Alirudi ndani kazi haijakwisha. Novemba mwaka uleule Buzz Aldrin alitoka nje ya Gemini 12. Alikuwa amefanya mazoezi ndani ya bwawa la maji, na chombo kilikuwa kimefungwa vikanyagio vya kuchomeka miguu na vishikio vingi zaidi. Alizimaliza kazi zake zote, tena kwa mapumziko katikati.

Kwa hiyo katika ukurasa wako wa 22, pale fundi mkuu "anaruka na kuligonga bomba kwa nyundo", nataka kwanza nijue miguu yake imechomekwa wapi.

Suti yenyewe ni mzigo wa kazi. Shinikizo lake la ndani ni kama theluthi ya hewa tunayovuta hapa. Likiwekwa kubwa zaidi suti inakakamaa, kiwiko hakikunjiki. Hata kwa theluthi hiyo, kila ukifunga vidole unashindana na glavu iliyovimba, kwa saa sita au saba mfululizo. Wapo wanaanga waliong'oka kucha kwa sababu hiyo. Tena kabla ya kutoka ni lazima mtu avute oksijeni tupu kwa muda mrefu ili naitrojeni imtoke mwilini, la sivyo itatoa mapovu kwenye damu, ugonjwa uleule wa wazamiaji wanaoibuka haraka. Kazi ya asubuhi moja huandaliwa kwa siku kadhaa. Fundi wako anayechungulia dirishani, akaona kitu kimelegea, akavaa suti na kutoka, hayupo.

Umeuliza kama mashine zitafanya yote. Mashine ziko tayari. Kituo cha Kimataifa cha Anga kina mkono wa mitambo unaobeba mizigo ya tani nyingi, na tangu 2008 kina mtambo wa Kikanada uitwao Dextre unaobadilisha vifaa nje bila mtu kutoka. Sidhani zitapungua kufikia 2090. Lakini mashine hupewa kazi iliyojulikana mapema. Tazama yaliyompata Mike Massimino mwezi Mei 2009, akitengeneza kifaa ndani ya darubini ya Hubble. Mbele yake kulikuwa na skrubu ndogo 111 za kutoa, na bamba maalumu lilishatengenezwa ili hata moja isielee na kupotea. Kabla ya kuzifikia ilibidi aondoe kishikio kilichofungwa kwa bolti nne. Ya mwisho kichwa kikaliwa, bisibisi ikawa inazunguka bure. Miaka ya mazoezi na fedha zisizohesabika zikasimama kwa bolti moja. Wataalamu waliokuwa duniani wakajaribu kwenye kishikio cha mfano, kisha wakampa jibu ambalo fundi yeyote wa Ngamiani angelitoa: funga tepu vipande visiruke, kamata, vuta mpaka kivunjike. Akakivunja, kazi ikaendelea.

Miezi sita kabla, tarehe 18 Novemba 2008, Heidemarie Stefanyshyn-Piper alikuwa akisafisha na kupaka grisi kiungo kinachozungusha mabawa ya sola ya kituo cha kimataifa. Bomba la grisi likavuja ndani ya mfuko wa zana. Akiwa anaifuta, mfuko ukamponyoka na kwenda zake. Uliizunguka dunia miezi mingi ukionekana kwa darubini, mpaka ulipoungua angani mwaka uliofuata. Waza jinsi mtu anavyokaa na jambo kama hilo mbele ya wenzake, na kamera zote zimemwona. Mimi ningeipa heshima sura ya namna hii kuliko mlipuko wako wa ukurasa wa 31, ambao umekuja tu kwa sababu hadithi ilikuwa imelala.

Kama unataka kazi ya ufundi ambayo ni tukio kubwa pia, soma habari za Salyut 7 mwaka 1985. Kituo kilikuwa hakina mtu, mawasiliano yakakatika, umeme ukaisha, kikawa kinaelea kimekufa. Mwezi Juni Dzhanibekov yuleyule na Viktor Savinykh walirushwa wakakifuate. Kwa kawaida kituo husaidia chombo kukikaribia. Hiki hakikujibu lolote. Walikisogelea kwa macho na mikono, wakajifunga nacho. Ndani baridi kali, barafu ukutani, maji yote yameganda, nao wamevaa kofia za sufi. Waliyokunywa ni maji waliyokuja nayo, na yalikuwa na siku zake. Wakatafuta betri zinazoweza kupona, wakaunganisha nyaya zake moja kwa moja na sola, wakiziviringa kwa vidole vitupu maana glavu zilizuia. Kisha wakakizungusha kituo kwa kutumia injini za chombo chao ili sola zitazame jua. Umeme ukaingia. Barafu ilipoyeyuka ikawa maji kila mahali, wakawa wanayafuta kwa matambara, hata kwa nguo zao. Hakuna adui katika kisa hicho, na mimi sijui kisa cha angani kinachonibana kifua zaidi ya hicho.

Ndani ya kituo kazi nyingi ni za nyumba, na hapa nitapita haraka. Kituo cha kimataifa kimekaliwa bila kukatika tangu tarehe 2 Novemba 2000. Kinaizunguka dunia kwa dakika 90 hivi, kwa hiyo jua huchomoza mara 16 kwa siku, na hakuna anayelifuata. Saa zao ni za Greenwich, saa tatu nyuma ya zetu. Kila mtu ana ratiba kwenye skrini, na mstari mwekundu unaisogelea dakika kwa dakika, ukikuonyesha umechelewa wapi. Saa mbili kwa siku ni za mazoezi ya mwili, maana pasipo uzito mifupa na misuli huisha. Jumamosi ni usafi. Choo huharibika na mtu hukitengeneza. Mkojo na jasho husafishwa vikawa maji ya kunywa tena, na mwaka 2023 mitambo hiyo ilifikia kurudisha asilimia 98. Hewa ya moto haipandi, kwa hiyo feni zikizima aliyelala huzungukwa na hewa aliyoitoa mwenyewe, akaamka kichwa kinagonga. Skrubu ikipotea, subiri: mkondo wa hewa utaipeleka kwenye kichujio, na asubuhi utaikuta pale pamoja na nywele na kalamu za watu. Chapati wataila vizuri, andazi litawasumbua kwa makombo, na pilipili itagombewa, maana pua huziba na vyakula huonekana havina ladha.

Kuhusu wanaokucheka, wape majibu mawili. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, hapohapo Tanga, na mwaka 1951 alitoa Kusadikika, nchi aliyoiweka angani, miaka sita kabla ya setilaiti ya kwanza ya mwanadamu kurushwa. Alichokiweka huko juu ni baraza la hukumu na mtu anayejitetea, si maajabu matupu. Jibu la pili liko Malindi. Kwenye jukwaa la baharini la San Marco, karibu na Ngomeni, roketi zilirushwa tangu 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, iliondoka hapo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, ikapewa jina Uhuru. Pwani yetu ilichaguliwa kwa sababu ya ikweta: ardhi pale inazunguka kwa kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki, na roketi inayokwenda mashariki huanza na mwendo huo bila kuulipia mafuta.

Lakini hapo hapo nikusahihishe. Sura yako ya tatu inarusha roketi kutoka Raskazone kwenda mashariki. Chukua ramani. Mashariki ya Tanga ni Pemba, imekaa sawasawa mbele yako. Ukihamia Bagamoyo utakuta Unguja. Vipande vya chini vya roketi hudondoka njiani, na hakuna serikali itakayokubali vidondoke juu ya mikarafuu na vichwa vya watu. Weka jukwaa lako baharini, ng'ambo ya Pemba, na mafundi wapelekwe kwa meli usiku kucha. Utapata safari, utapata mabaharia, utapata vibarua wa kupakia mizigo, na mtu wa kwanza kutapika katika hadithi yako atatapika kabla ya kuondoka duniani.

Nimefika kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kitovu, nawe umeligusa kwa mstari mmoja tu: "wakasaini mkataba wa miaka miwili." Fundi, mkoa wako umejengwa na mikataba. Mashamba ya mkonge yaliletewa watu kutoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na kwingineko, wakapewa namba, wakaitwa manamba. Kila mmoja alikuwa na kipande, kadi yenye nafasi za siku 30. Kazi ya siku isipotimia, nyapara hakuiandika, na siku ile ikawa haikuwapo. Mshahara ulitoka kadi ilipojaa, na wengi ziliwachukua zaidi ya mwezi mmoja kujaa. Mtu yuko mbali na kwao, analala nyumba ya mwajiri, nauli ya kurudi iko mikononi mwa mwajiri. Wazee wanaokumbuka hayo, au walioyasikia kwa baba zao, bado wapo Korogwe, Muheza na Ngomeni ya Tanga. Nenda kawasikilize kabla hujasoma kitabu kingine chochote cha anga.

Kisha ujue hili. Anga ina mionzi, na mwili wa mtu una kiasi unachoruhusiwa kupokea. Tangu 2022 NASA, shirika la anga la Marekani, imeweka kikomo kimoja kwa wanaanga wake wote, wanawake kwa wanaume: milisivati 600 (ndicho kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa maisha yote ya kazi. Kwenye kituo cha kimataifa mtu hupokea takriban nusu milisivati kwa siku. Ukipiga hesabu ni siku 1,200 hivi, na ukienda mbali zaidi, nje ya ngao ya sumaku ya dunia, zinapungua sana. Yaani fundi wako ana kadi nyingine inayojaa iwe amefanya kazi au amelala, na ikijaa hana kazi tena angani maisha yake yote. Nani anaitunza kadi hiyo? Kampuni ikibadili kikomo katikati ya mkataba je? Fundi mwenye watoto shuleni akikiacha kipimo chake nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo mionzi haifiki vizuri, ili siku zake zisiishe upesi? Mwenzake akimwona, atasema? Mimi katika kurasa zako arobaini sijaona swali zito kama hilo, na jibu lake silijui. Nataka kulisoma kwako.

Na hewa ni ya nani? Hapa duniani mwajiri akikudhulumu unaweza kuweka zana chini ukaenda zako nyumbani. Huko nyumbani hakuendeki. Lakini naye mwajiri hana watu wengine karibu. Kuna kisa cha wanaanga watatu wa Skylab, kituo cha Wamarekani, Gerald Carr, Edward Gibson na William Pogue, waliokaa siku 84 kuanzia Novemba 1973. Watu hupenda kusimulia kwamba waligoma na kuzima redio. Haikuwa hivyo. Ratiba yao ilipangwa kwa kasi ya wenzao waliowatangulia, ambao walishazoea, wakawa wanakosa hata muda wa kula na kupumua. Mwisho wa Desemba wakazungumza wazi na wakubwa wao wa duniani, ratiba ikalegezwa, na kazi ikaenda vizuri kuliko mwanzo. Mazungumzo yale ni mazuri kwa hadithi kuliko mgomo wenyewe, kwa sababu pande zote mbili zilijua hakuna anayeweza kuondoka. Ukipeleka mafundi wako Mirihi itakuwa namna nyingine: neno moja huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika, kwa hiyo nyapara wa duniani hawezi kumwamuru mtu papo kwa papo, lazima amwache aamue.

Sheria pia unayo ya kutumia. Mkataba wa kimataifa wa anga wa 1967 unasema nchi iliyosajili chombo ndiyo yenye mamlaka juu yake na watu waliomo, na kwamba nchi inawajibika hata kwa kampuni binafsi zake. Kwa hiyo swali la kwanza la mwanasheria wa mafundi wako litakuwa: kituo kimesajiliwa wapi? Waajiri wa meli wanajua kuchagua bendera iliyo nafuu kwao. Wa anga watajifunza.

Na kama unadhani mkataba hauwezi kumwacha mtu juu, Sergei Krikalev alirushwa tarehe 18 Mei 1991 kwenda kituo cha Mir kwa miezi mitano hivi. Safari zikapangwa upya, nafasi ya mbadala wake akapewa mtu ambaye hakufunzwa kukaa muda mrefu, akaombwa abaki. Akabaki. Akiwa juu, mji wake Leningrad ukabadilishwa jina ukawa St Petersburg, na Desemba nchi iliyomtuma ikavunjika. Alirudi tarehe 25 Machi 1992, baada ya siku 311, akashukia Kazakhstan, ambayo alipoondoka ilikuwa sehemu ya nchi yake. Muda wote huo alikuwa akitengeneza mitambo, maana mitambo haikuwa na habari na siasa.

Jambo dogo lililobaki, ambalo kwa wasomaji wa Tanga si dogo. Watu wako sita, angalau wanne kwa majina yao ni Waislamu, na hakuna anayeswali. Wasomaji watauliza: jua likichomoza mara 16, swala ni ngapi, na kibla ni wapi? Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alirushwa tarehe 10 Oktoba 2007, ndani ya Ramadhani, na wanazuoni wa nchi yake walimwandikia mwongozo. Swala ni tano kwa saa 24, kwa nyakati za Baikonur, mahali aliporushiwa. Kibla kwa kadiri ya uwezo: Kaaba, usipoweza basi upande wa dunia, usipoweza basi popote. Saumu yake aliruhusiwa kuiahirisha. Mpe mmoja wa mafundi wako zamu inayoangukia swala ya magharibi kwa saa za Baikonur, au ya Tanga ukiamua hivyo, na nyapara asiyejua kwa nini mtu huyu anaomba dakika kumi.

Sasa cha kufanya. Maroboti yatoe. Mlipuko utoe mpaka upate sababu. Usianze upya ukurasa wa kwanza. Kaa chini uandike mkataba wenyewe wa hao mafundi sita, vifungu vyote, kwa lugha ya mikataba uliyowahi kusaini wewe: mshahara na sarafu yake, saa za zamu, ovataimu, anayelipa glavu ikichanika, kikomo cha mionzi na anayekipima, nauli ya kurudi, maiti itasafirishwaje, nani ataamua ugomvi na katika mahakama ya nchi gani. Sehemu kubwa yake haitaingia kitabuni. Ukiumaliza, nitumie huo kwanza, kabla ya sura nyingine yoyote.